Shajara ya mradi: faksi kwenye kompyuta za XP zisizo na CD, ofisi ya uwakala wa forodha, Mombasa

Kazi yenyewe

Kompyuta mbili za mezani, ofisi ya ghorofa ya pili karibu na Moi Avenue. Zote zilinunuliwa zikiwa na Windows XP Professional kutoka kiwandani, na hakuna iliyokuja na CD. Mwenye ofisi anataka kila moja iweze kutuma faksi, na moja iweze pia kupokea. Kuhamia Windows mpya kumekataliwa kwa sasa kwa sababu ya programu ya hesabu ya zamani inayochapisha kwa printa ya utepe kupitia tundu la LPT (tundu la printa za zamani). Sababu hiyo tumeikubali. Sharti letu ni moja: mashine hizi zisiunganishwe na intaneti, kwa kuwa msaada wa XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014 na hazitapata tena viraka vya usalama. Faksi inapita kwenye laini ya simu, haihitaji intaneti.

Tumeziita Mashine A na Mashine B.

Jumatatu asubuhi: ukaguzi

Huduma ya faksi haimo katika vitu vinavyowekwa XP inaposakinishwa. Hukaa kwenye orodha ya vipengele vya ziada: Control Panel, Add or Remove Programs, Add/Remove Windows Components, kisha Fax Services. Ukiitia alama na kubofya Next, muda si mrefu dirisha linadai uingize CD. Hapa ndipo watu huanza kusaka CD za kunakiliwa mitaani, na hapa ndipo pa kutulia. Dirisha lile linatafuta folda iitwayo I386, na watengenezaji wengi waliouza kompyuta bila CD waliiacha folda hiyo ndani ya mashine, ama kwenye mzizi wa C, ama ndani ya C:\WINDOWS, ama kwenye patisheni (sehemu iliyotengwa ya diski) ya urejeshaji.

Kabla ya kugusa lolote tuliendesha `winver` kwenye kila mashine. A ni Service Pack 3, B ni Service Pack 2 (Service Pack, kwa kifupi SP, ni fungu kubwa la masahihisho ya Windows). Andika jambo hili mahali, kwa sababu nusu ya matatizo ya kazi hii yanatokana na kuchanganya faili za toleo moja na Windows ya toleo jingine. Faili ya mfumo ukiibofya kulia na kufungua Properties, kisha Version, namba ya mwisho inakwambia ilikotoka: 2180 ni ya SP2, 5512 ni ya SP3. Faili iliyowahi kuguswa na kiraka cha baadaye itakuwa na namba kubwa zaidi.

Kisha tukatafuta faili za faksi zenyewe. Karibu zote huanza na herufi fxs, na injini yao ni fxssvc.exe. Ndani ya I386 zimebanwa, na herufi ya mwisho ya jina huwa mstari wa chini: FXSSVC.EX_, FXSCOVER.EX_, FXSAPI.DL_, FXST30.DL_ na wenzake. Amri ni hii:

`dir C:\fxssvc.ex? /s /a`

Alama ya kuuliza inashika .exe na .ex_ kwa pamoja, na `/a` inaonyesha hata folda zilizofichwa. Kutafuta kwa dirisha la kawaida la Search hakufai, linaruka folda zilizofichwa usipolibadilishia mipangilio.

Mashine A ilijibu mara mbili: C:\I386 na C:\WINDOWS\ServicePackFiles\i386. Mashine B haikujibu kitu.

Jumatatu alasiri: Mashine A

A ilitoka kiwandani na SP2, ikapandishwa hadi SP3 baadaye. Kwa hiyo I386 iliyopo kwenye mzizi wa C ni ya SP2, na faili mpya zaidi ziko ServicePackFiles. Windows inajua hivyo, na ndiyo maana wakati wa kuweka faksi inaweza kudai "CD" mbili tofauti moja baada ya nyingine: ya Windows XP Professional, kisha ya Service Pack 3. Soma kichwa cha dirisha kila linapojitokeza. Likitaja Service Pack 3, elekeza C:\WINDOWS\ServicePackFiles\i386. Likitaja Windows XP tu, elekeza C:\I386. Ukilisha faili ya SP2 pale palipodaiwa SP3, usakinishaji unaweza kufika mwisho bila kulalamika, halafu huduma ikakataa kuamka.

Kuandika njia kwa mkono kila mara kunachosha, na sfc /scannow, amri ya kukagua faili za mfumo, nayo itaomba CD hiyo hiyo siku ya siku. Dawa ya kudumu iko kwenye rejistri, hifadhidata ya mipangilio ya Windows. Kwanza nakala ya akiba:

`reg export "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Setup" C:\setup.reg`

Ndani ya ufunguo huo kuna SourcePath na ServicePackSourcePath. Kwenye A, SourcePath ilikuwa bado inaelekea D:\, yaani kiendeshi cha CD, ndiyo maana mashine ilikuwa inadai kitu ambacho imekikalia. Tukabadilisha:

`reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Setup" /v SourcePath /t REG_SZ /d C:\ /f`

Mambo mawili hapa huangusha watu. Thamani ni C:\ na si C:\I386, kwa sababu Windows yenyewe huongeza i386 mbele yake. Ukiandika njia nzima itatafuta C:\I386\i386 na kurudi kudai CD. La pili, usiifunge C:\ ndani ya alama za kunukuu kwenye amri hii, kwani mkwaju ulio kabla ya alama ya kufungia huimeza alama hiyo na amri inavurugika. SourcePath nyingine iko chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion. Nayo tuliibadilisha vivyo hivyo. ServicePackSourcePath ilikuwa sawa, inaelekea C:\WINDOWS\ServicePackFiles.

Tukaiwasha upya, tukarudi kwenye Windows Components, tukatia alama Fax Services. Safari hii haikuuliza chochote. Ikoni ya Fax ikatokea kwenye Printers and Faxes, na `sc query fax` ikajibu RUNNING.

Kwa mwenye mashine nyingi za aina moja, kazi hii inafanyika bila kubofya madirisha. Faili ya maandishi, tuseme C:\fax.txt, yenye mistari miwili:

`[Components]`
`fax=on`

kisha:

`sysocmgr /i:%windir%\inf\sysoc.inf /u:C:\fax.txt`

Inafaa tu ikiwa SourcePath imekwisha kunyooshwa. Bila hivyo utapata dirisha lile lile.

Jumanne: Mashine B

Hii ndiyo iliyokula muda. Hakuna I386 kwenye C, wala ServicePackFiles. `diskmgmt.msc` ilionyesha patisheni ndogo isiyo na herufi mwanzoni mwa diski, iliyoandikwa EISA Configuration. Patisheni ya namna hiyo Windows haikuruhusu kuipa herufi. Usijaribu kuibadilisha aina kwa programu za kugawa diski. Ukikosea, unapoteza urejeshaji wote wa kiwandani, na mashine isiyo na CD ikipoteza hiyo haina tena pa kurudi.

Njia salama ni kuwasha mashine kwa Linux ya kwenye CD au flashi na kuifungua patisheni kwa kusoma tu. Puppy Linux inatosha kwa mashine ya RAM ndogo kama hii. BIOS nyingi za enzi hizo haziwezi kuanza kutoka flashi, kwa hiyo chomeni CD.

`mount -o ro /dev/sda1 /mnt`

Kwenye Linux za zamani diski za IDE huitwa hda badala ya sda. `fdisk -l` itakuonyesha. Hiyo `ro` usiiache.

Ndani kulikuwa na folda ya I386 iliyo wazi. Si kila mtengenezaji ana huruma hii: wengine wameibana Windows nzima ndani ya faili moja kubwa. Ikiwa ni .wim, 7-Zip ya kwenye kompyuta nyingine inaifungua. Ikiwa ni .gho, inahitaji Ghost Explorer. Ukikuta faili zilizogawanywa vipande vya majina yasiyoeleweka, acha. Tafuta mashine nyingine ya XP Professional ya Service Pack ile ile na lugha ile ile, nakili I386 yake. Ufunguo wa leseni hauguswi, kwa sababu husakinishi Windows upya. Unaongeza kipengele ambacho leseni ya mashine inakiruhusu tayari.

Tulinakili folda nzima hadi C:\I386 ya B. Andaa nafasi ya takriban MB 500. Kunakili fxs peke yake inaonekana ni werevu, lakini kipengele cha faksi huvuta pia faili nyingine za chapa na simu, na utaishia kurudi kwenye Linux kwa faili moja moja.

SourcePath ikanyooshwa kama ya A. Fax Services ikatiwa alama. Dirisha likadai FXSCLNT.EXE. Tukaelekeza C:\I386. Likadai tena faili hiyo hiyo, na tena, ilhali faili ipo na `expand` inaifungua bila kosa:

`expand C:\I386\fxsclnt.ex_ C:\jaribio.exe`

Faili ikiwa nzima na njia ikiwa sahihi, na bado dirisha linang'ang'ania, acha kubadilisha njia. Fungua C:\WINDOWS\setupapi.log, nenda chini kabisa, soma mistari inayohusu faili hiyo. Mara nyingi kinachokataa ni hifadhidata ya usalama ya Windows iliyoharibika, kwa kawaida baada ya umeme kukatika mashine ikiwa inafanya kazi, jambo ambalo mjini hapa halihitaji maelezo. Hitilafu hii inajulikana zaidi kwa wanaoweka IIS (seva ya tovuti ya Windows), ila inagusa vipengele vingine pia. Nakili faili ya secedit.sdb mahali pengine kwanza, kisha:

`esentutl /p %windir%\security\database\secedit.sdb`

Inaonya kwamba huenda data ikapotea, kubali. Mashine ikawashwa upya, na usakinishaji ukapita.

Ila ikoni ya Fax haikutokea. Hii ni rahisi: huduma ya Print Spooler ilikuwa imezimwa na mtu. Faksi ya Windows ni printa kwa sura, na bila Spooler hakuna printa. `net start spooler`, kisha ndani ya services.msc ikawekwa Automatic, na kwenye Printers and Faxes tukabofya Install a local fax printer.

Jumatano: modemu

Programu imekaa, sasa kifaa. Mashine A ina modemu ya ndani ya PCI, na draiva yake ilikuwa kwenye folda ya madraiva ya kiwandani. B haina. Karani mmoja alionyesha kwamba B "ina modemu tayari": ile ya flashi ya bando, inayoonekana kabisa kwenye orodha ya Phone and Modem Options. Hiyo hubeba data ya mtandao wa simu ya mkononi; haijui faksi. Kujua bila kubahatisha: Phone and Modem Options, Modems, Properties, Diagnostics, Query Modem. Tafuta mstari wa AT+FCLASS=?. Jibu lenye 1 au 2 au 2.0 ni modemu ya faksi. Jibu la 0 peke yake, au ERROR, ni ya data tu. Namba 8 ni ya sauti, haikusaidii hapa.

Kwa B imepatikana modemu ya nje ya kuunganisha tundu la COM. Tazama kibandiko cha umeme cha modemu kabla ya kununua adapta: nyingi za aina hii zinataka volti 9 za AC, na adapta zilizojaa madukani ni za DC. Plagi inaingia vizuri kabisa, taa haiwaki, na mtu anatupa modemu nzima.

Tundu la COM linashikwa na programu moja kwa wakati. HyperTerminal, programu ya kuongea na modemu moja kwa moja, ikiachwa wazi baada ya kupima, faksi itasema kifaa hakipatikani. Ifunge.

Alhamisi: laini

Faksi ya kwanza kutoka A ilirudi na No dial tone. Mlio wa laini upo, ukiweka simu ya kawaida unausikia. Modemu nyingi zimeundwa kutambua mlio wa Marekani na hazikubali mwingine, hasa mlio wa PABX (mtambo wa simu za ndani ya ofisi). Modems, Properties, kichupo cha Modem, ondoa alama ya Wait for dial tone before dialing. Ikiwa bado, kwenye Advanced, sehemu ya Extra initialization commands, andika X3. Ikapita.

A iko nyuma ya PABX, kwa hiyo namba zake zinatanguliwa na 9 na koma, mfano `9,041...`. Koma moja ni kusubiri sekunde 2. PABX ikichelewa kutoa laini, weka mbili. Hakikisha pia tundu la ukutani ni la analogi. Matundu ya simu za kidijitali za PABX yana umeme wa aina nyingine na yanaweza kuua modemu.

Ushauri wetu kwa namba: usitumie Dialing Rules. Weka namba kamili kama ungeipiga kwa simu ya mezani, 000 kwa nchi za ng'ambo, 007 kwa Tanzania, 006 kwa Uganda. XP inapojaribu kutunga yenyewe msimbo wa eneo, yaani 41 ya Mombasa, mara inaongeza sifuri, mara inaiacha.

B iko kwenye laini ya shaba ya moja kwa moja, na ilikuwa inaunganisha kisha inakata katikati ya ukurasa. Tulipotoa plagi ya RJ11 ukutani, pini zake mbili za kati zilikuwa za kijani. Chumvi ya pwani hii haina mzaha na shaba nyembamba: simu ya mazungumzo itavumilia mkwaruzo kidogo, faksi ya kasi ya 14400 haitauvumilia. Kusugua kwa spiriti kunasaidia kwa wiki chache. Tulikata sentimita tano za waya, tukabana plagi mpya, na tundu la ukutani likabadilishwa. Kurasa zikapita.

Laini ikiwa na ADSL, weka kichujio kati ya ukuta na modemu. Laini ikiwa ya faiba yenye kisanduku cha kugeuza simu, habari ni nyingine: muulize mtoa huduma kama kisanduku kinakubali T.38 (itifaki ya kupitisha faksi kwenye mtandao), kama hakikubali, angalau kiwekwe G.711 (usimbaji wa sauti usioibana sana) na kiondolewe kuzuia mwangwi. XP haina kitufe cha kupunguza kasi ya faksi. Ile Maximum Port Speed ni kasi kati ya kompyuta na modemu, haibadilishi lolote kwenye laini.

Ijumaa: kupokea na ubora wa kurasa

XP huweka kutuma peke yake. Kupokea kumezimwa hadi ukuwashe. Printers and Faxes, bofya kulia Fax, Properties, Devices, chagua modemu, Properties, kichupo cha Receive. B imewekwa ipokee yenyewe baada ya milio miwili kwa kuwa laini yake haina simu nyingine. Kitambulisho cha mtumaji na cha mpokeaji huchukua herufi 20. Weka namba ya simu ya ofisi, wakala wa meli wa upande wa pili anaitazama hiyo kabla ya jina.

Faksi zinazoingia huhifadhiwa kama TIFF, kwenye folda ya MSFax ndani ya All Users. Tumezielekeza kwenye folda iliyo dhahiri kupitia kichupo cha Archives, na karani anazitoa kwa flashi iliyokaguliwa. XP haishiriki printa ya faksi kwenye mtandao wa ofisi, kwa hiyo kila mashine inatuma kwa modemu yake.

Hati za bandarini zina maandishi madogo na mihuri juu yake. Chagua 200 x 200. Ya chini inafuta namba za makontena. Skani kwa nyeusi na nyeupe, si kijivu. Kijivu kinageuzwa vidoadoa, ukurasa unakuwa mzito, na muda mrefu kwenye laini ni nafasi zaidi ya kukatika.

Swali la pembeni

Meneja ameuliza kuhusu kompyuta yake ya Windows 10. Hapo hakuna hadithi ya CD. Tangu Vista, faili za vipengele hukaa ndani ya mashine au huletwa na Windows Update. Ikiwa Windows Fax and Scan haionekani:

`dism /online /add-capability /capabilityname:Print.Fax.Scan~~~~0.0.1.0`

kwa dirisha la amri la msimamizi, intaneti ikiwa hewani. Kinachosumbua huko ni draiva: modemu nyingi za PCI za zamani hazina draiva ya Windows ya biti 64. Nunua modemu ya USB inayofanya kazi yenyewe bila kuitegemea kompyuta.

Yaliyobaki

Kinga ya radi ya laini ya simu kwa B bado haijafika. Hadi ifike, karani anachomoa RJ11 na adapta ya modemu mvua inapoanza, kwa sababu radi ya masika inaweza kupitia waya wa simu kama inavyopitia wa umeme. I386 za mashine zote mbili zimenakiliwa kwenye diski moja ya nje, kila moja ndani ya folda yenye jina la mashine na Service Pack yake. Setup.reg zimo humo humo. Mashine A bado haijajaribiwa kutuma ng'ambo. PABX imefunga 000 kwa tundu lake, na anayeshika nenosiri la PABX anarudi Jumatatu.